Nani anatuona mu Google? Koperative za wachimbaji na feza zinazopotea bure

Siku ya posho tulipita ku Kasapa, mu barabara inayoenda ku univerisite, pale watu wa fotokopi wanapoweka mashini zao na vijana wa siberi wanaita wateja. Tulikutana pale na trezorie wa koperative moja ya wachimbaji. Ni mutu tunayemujua tangu zamani; jina lake hatulitaji, wala la koperative yake, wala la nyumba aliyofanya nayo biashara. Akatoa mu mufuko karatasi iliyokunjwa mara ine. Ilikuwa resu: dola 150, kwa kazi ya kuandikisha saiti ya koperative "mu moteri 500 za kutafuta na mu anuere zote za dunia". Sinyatire iko, kashe iko, kila kitu iko.

"Miezi mine inapita," akatuambia. "Tukiandika jina letu mu Google, hatuonekane. Kunatokea timu ya mupira ya inchi ingine. Batu bananiuliza feza yabo iko wapi."

Tulicheka kidogo juu ya ile timu ya mupira. Kisha tukaacha kucheka. Koperative ile inakata kitu kidogo ku kila mufuko unaotoka mu shimo, na hiyo kitu kidogo njo inalipa mutu akiumia, njo inanunua sanduku mutu akikufa. Dola 150 haina feza ya kuchezea.

Tuseme kwanza neno moja juu ya hili neno lenyewe. Kwetu, watu wa migodi, "saiti" ni mahali pa kuchimbia: mashimo, mifuko, bashe. Mama mumoja aliposikia kwamba koperative ya bwana yake imefungua saiti mupya, aliuliza kama iko na kobalti ao mukuba tu. Hapa tunazungumuzia saiti ya intaneti, na ile kazi ya kuifanya ionekane wakati mutu anatafuta mu Google, mu Bing, ao mu zile buku za adresi za intaneti ambazo Wafaransa wanaita anuere. Lakini yule mama hakukosea sana. Saiti isiyoonekana na shimo lisilo na mukuba vinafanana: kazi ilifanyika, feza ilitoka, na hakuna kitu kilichopanda juu.

Juu ya nini mambo haya sasa?

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi kwa miezi mine. Mu mwezi wa Juni ikaongeza mitatu ingine. Kisha, kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025, ikafungua mulango kidogo kwa kuweka kota: tani 18.125 kwa mwisho wa ule mwaka, na tani 96.600 kwa mwaka 2026, vilevile kwa mwaka 2027. Kila familia ya wachimbaji inajua namna hesabu hizi zilifika mpaka mu sahani ya bukari. Mwenye kota hawezi tena kupakia kila kitu kinachofika ku depo. Anachagua. Na mutu anayechagua anauliza maswali ambayo zamani hakuuliza: mufuko huu ulitoka wapi, nani alichimba, koperative gani, iko na agrema, kuna batoto mule ndani?

Sheria nayo imefanya koperative kuwa mulango wa lazima. Kode ya migodi ya mwaka 2002, iliyobadilishwa na sheria no 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inataka mutu anayechimba kwa mukono awe na karte yake, awe ndani ya koperative yenye agrema, na achimbe mu eneo lililofunguliwa kwa kazi hiyo, ile tunaita ZEA. Basi mununuzi akitaka kujua kama wewe ni mutu wa kweli, anafanya kitu chepesi kabisa mbele ya kupiga telefone ao kukamata njia: anaandika jina la koperative mu telefone yake. Asipoona kitu, anafikiri nini? Hafikiri kwamba trezorie alidanganywa ku Kasapa. Anafikiri koperative haiko.

Njo maana trezorie wetu hakuwa mujinga kutaka saiti. Alikuwa na haki. Kosa lilikuwa mahali pengine.

Liste na watu wa liste

Mu familia zetu neno "kuandikishwa" liko na uzito wake. Mu mwaka 2003, wakati wa ile Operation Départs Volontaires iliyolipiwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi 10.655 wa Gécamines ndio waliotoka ku kazi. Nani iko ku liste, nani haiko, jina limeandikwa vizuri ao linakosa herufi moja: wababa wetu walishinda siku nzima inje ya biro juu ya maswali hayo. Mu 2009 wamoja wao walipeleka malalamiko yao mpaka ku Inspection Panel ya Banki ya Dunia, kule Washington. Mutoto aliyekomaa mu nyumba ya namna hiyo, ukimwambia kwamba kuna liste mahali fulani na jina lake halimo, anatia mukono mu mufuko mbele ya kuuliza liste ni ya nani.

Mutu wa ile resu anajua hii hofu, na njo anauzisha. Anakuonyesha Google kama biro: kuna dirisha, kuna mukubwa anayekaa nyuma ya dirisha, na yeye iko na njia ya kumufikia yule mukubwa. Lakini Google haiko biro ya namna hiyo. Google yenyewe imeandika wazi kwamba haipokei feza ya mutu ili ipite ku saiti yake mara nyingi zaidi, wala ili imupandishe juu. Kitu inachouzisha ni matangazo, na matangazo yanaandikwa "Sponsorisé". Siku usipolipa tena, yanatoka. Ile ni kitu ingine kabisa na kuandikishwa.

Mashini inatafuta namna gani

Wazee wa jiolojia wanajua ile maua ya mukuba, Haumaniastrum katangense, inayopenda kuota mahali udongo wa Katanga uko na mukuba mingi. Mutafutaji wa zamani hakuchimba kila mahali. Alifuata maua kutoka kilima hiki mpaka kile, na pale yalipokuwa mingi alisimama, akapima. Mashini ya Google inatembea karibu vile. Haina maua, iko na viunganisho, yale maneno ya rangi ya buluu ambayo ukigusa yanakupeleka ku ukurasa mwingine. Inatoka ku saiti inayojua, inafuata kiunganisho, inafika ku saiti isiyojua, inasoma, inaandika mu buku yake kubwa. Wakati mutu anatafuta, Google haitembei dunia nzima pale pale. Inafungua ile buku na kutoa kurasa inazofikiri zinajibu.

Mu hiyo habari unaona shida tatu ambazo saiti inaweza kuwa nazo. Mashini haijafika. Ao imefika lakini imekatazwa kuingia. Ao imeingia, imesoma, na haikuona kitu cha maana.

Kwa ile ya kwanza, dawa ni ya bure. Google iko na chombo chake, Search Console. Unafungua kwa konte yako ya Google, unahakikisha kwamba saiti ni yako, unaandika adresi ya ukurasa na kuomba upitiwe. Unaweza pia kuipa ramani ya saiti, faili moja yenye liste ya kurasa zote. Bing nayo iko na chombo cha namna hiyo, bure pia, na ni vizuri kupita kule, juu moteri zingine zinakamata mingi ya majibu yao kutoka Bing. DuckDuckGo ni moja. Kisha unangojea. Inaweza kuwa siku chache, inaweza kuwa majuma. Hakuna mutu wa Kasapa, wala wa Kinshasa, wala wa Paris, anayeweza kukuahidia siku.

Na zile moteri 500? Tuliomba trezorie atuonyeshe liste. Hakuwa nayo. Karibu mara tisa ku kumi, mutu anayetafuta mu dunia leo anatafutia mu Google. Zingine zinazojulikana unaweza kuzihesabu ku vidole: Bing, Yandex ya Warusi, Baidu ya Wachina, Yahoo inayobaki. Baidu tuizungumuzie kidogo, juu wanunuzi wengi wa kobalti yetu ni Wachina. Mu Chine ya bara Google imefungwa. Mutu aliye Shanghai na telefone ya kwao hataona saiti yako mu Google hata uwe wa kwanza, na Baidu inapenda kurasa za Kichina. Koperative inayouzishia Wachina ifanye ukurasa mumoja wa Kichina, utafsiriwe na mutu anayejua, na itume adresi yake moja kwa moja kwa mununuzi mu WeChat. Hii itasaidia kuliko moteri 499 zisizo na jina.

Hata hivyo ile maneno ya resu haikuanguka kutoka mbinguni. Kulikuwa wakati ilikuwa kweli. Yahoo ilipoanza mu 1994, ilikuwa anuere iliyopangwa na mikono ya wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo: saiti hii ni ya michezo, ile ni ya biashara. Tangu 1998 kulikuwa pia Open Directory, ambamo watu wa kujitolea walisoma saiti moja moja na kuziweka mu mafungu. Wakati ule kuandika jina lako mu anuere ilikuwa kazi yenye faida, na mutu aliweza kulipwa kwa kuifanya. Lakini Yahoo ilifunga anuere yake mwisho wa mwaka 2014. Open Directory ilifungwa mu Machi 2017. Google nayo, ile fomu ambamo mutu yeyote aliweza kutupia adresi, iliifunga mu 2018. Ni kama mutu akuuzishie leo tikiti ya gari la moshi ambalo reli yake ilingolewa.

Kile tulichokuta ndani

Kijana mumoja wa kampisi alikuwa anangojea fotokopi ya kitabu chake cha mutihani. Alisikia mazungumuzo, akaomba ruhusa. "Papa, niangalie kidogo?" Trezorie akamupa telefone.

Kwanza kijana aliandika mu Google neno site, na nukta mbili, na adresi ya koperative, bila kuacha nafasi. Hii inaambia Google: nionyeshe kurasa zote unazozijua za saiti hii. Jibu: hakuna hata moja. Basi Google haikuwa imeweka saiti nyuma. Haikuwa nayo mu buku kabisa. Msomaji anaweza kufanya vilevile nyumbani, inakula mega kidogo sana.

Kisha akaomba neno la siri la saiti. Ilichukua muda juu trezorie alikuwa ameliandika nyuma ya bon ya mafuta, na bon ilikuwa nyumbani. Akapigia mama watoto telefone, mama akalisoma herufi kwa herufi, na watu wa meza zote wakalisikia. (Lilibadilishwa siku ileile, tulihakikisha.) Saiti ilikuwa imejengwa na WordPress, kama saiti nyingi za hapa. Mu chumba cha marekebisho kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa "Demander aux moteurs de recherche de ne pas indexer ce site". Wajenzi wanakitia alama wakati saiti haijaisha, ili watu wasione nyumba bila paa. Kisha kazi ikiisha wanapashwa kukifungua. Kisanduku cha koperative kilikuwa bado na alama.

Mafundi wenyewe wa kuisoma hii watacheka, lakini tunaomba wengine waelewe vizuri. Kwa miezi mine, kila mara mashini ya Google ilipofika ku mulango, saiti yenyewe iliiambia: usiniandike. Koperative ililipa dola 150 ili ionekane, na wakati uleule ilikuwa inaomba isionekane. Kijana akaondoa alama. Akafungua Search Console, akatuma ramani ya saiti. Dakika makumi mbili, na alikataa feza, alikubali Fanta.

Lakini hakuacha pale, na hapa njo tulijifunza zaidi. "Papa," akasema, "hata Google ikiingia, itasoma nini?" Ukurasa wa kwanza ulikuwa picha. Jina la koperative lilikuwa ndani ya picha ya kashe. Agrema ilikuwa picha ya karatasi, imepigwa kwa pembeni, na kivuli cha kichwa cha mutu juu yake. Hakukuwa na neno "Lubumbashi" hata mara moja. Hakukuwa na neno "kobalti", wala kwa Kifaransa. Kulikuwa tu "Karibuni ku saiti yetu" na herufi tano za kifupi cha koperative, zile herufi tano ambazo kumbe ni za timu ya mupira pia.

Mashini inasoma maneno. Picha inaiona vibaya, na ile ya kivuli haiwezi kabisa. Kwa hiyo jina liandikwe lote, kwa maandishi, si kifupi tu. Namba ya agrema iandikwe. Muji, teritware, eneo la kuchimbia, kitu kinachochimbwa, telefone ya biro inayopokelewa na mutu. Na iandikwe kwa maneno ambayo mutu anatumia akitafuta. Mununuzi ataandika "coopérative minière cobalt Lubumbashi". Mama wa muchimbaji hataandika vile. Ataandika "bei ya kobalti leo", ao "mukuba kilo ngapi". Tunafikiri saiti ya koperative yetu inapashwa kuwa na lugha mbili bila haya: Kifaransa kwa mununuzi na kwa Leta, Kiswahili chetu cha hapa kwa wenye koperative. Kurasa za kobalti zilizoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga ni chache sana, na mu uwanja ambao hauna watu, mutu anafika mbele bila kukimbia.

Iwe pia nyepesi. Google inaangalia kwanza sura ya saiti ku telefone, na wanamemba nao wako na telefone tu. Picha moja ya mega kumi inatosha kufukuza wote wawili.

Kitu ambacho hatupashwe kuonyesha

Mu saiti ileile kulikuwa ukurasa unaoitwa "Membres". Ndani: karte za wachimbaji makumi tatu na zaidi, zimepigwa picha mbele na nyuma. Jina, sura, tarehe ya kuzaliwa, namba. Walifikiri wanaonyesha kwamba wako na wanamemba wa kweli.

Tulibishana pale ku meza. Trezorie alisema mununuzi anataka ushahidi. Sisi tulisema ushahidi unatumwa kwa mununuzi anayeomba, mu barua, haubandikwe ku ukuta wa dunia. Mutu aliye na sura yako, jina na namba ya karte anaweza kuomba mukopo ku jina lako ao kufungua lainyi ya telefone. Inchi yetu iko sasa na Kode ya numerike, Ordonnance-loi no 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani kuna sehemu ya kulinda habari za mutu binafsi. Koperative nayo inahusika. Hapa ile alama ya kisanduku ilikuwa imesaidia kumbe: juu yake Google haikukamata zile karte. Ukurasa uliondolewa mbele ya mulango kufunguliwa. Ungefunguliwa kwanza, kazi ya kuvifuta ingekuwa kubwa, juu kitu kikiingia mu buku ya Google na wengine wakakikopia, kukitoa ni kuomba mara nyingi na hujui kama kimekwisha kila mahali.

Vilevile kwa karte ya dunia. Watu wanasema weka koperative ku Google Maps. Biro, ndiyo. Google inakubali bure nyumba ya biashara inayopokea wateja; inataka tu uhakikishe kwamba iko, kwa telefone ao kwa video ya mulango, ya barabara na ya kashe. Kwa Kasapa ambako avenyu zingine hazina kibao, kuna ile adresi ya herufi na namba ambayo Google Maps inatoa kwa kila kipande cha ardhi; unaiandika na motare anafika. OpenStreetMap nayo ni ya watu wote, unaweza kuandika mwenyewe jina la avenyu yenu. Lakini kariere yenyewe? Depo ambamo mifuko inalala usiku? Sisi tunasema hapana. Eneo lenye haki linaonekana tayari ku karte ya Cadastre minier, CAMI, iliyo ku intaneti, na kare zake za karibu hekta 85 moja moja. Mununuzi mwenye bidii atalinganisha jina lako na ile karte. Mwizi hatuna sababu ya kumusaidia.

Wa kwanza si mukweli

Kuna upande mwingine ambao familia zinaona kila siku. Kama kuonekana ni ufundi, basi mwongo anaweza kujifunza ufundi ule, na mara nyingi anausoma mbele yetu. Mutoto anamaliza ku Kasapa na diplome yake, anaandika mu telefone jina la kampani kubwa ya migodi na neno "recrutement". Kitu cha kwanza kinachotokea kinaweza kuwa saiti yenye logo ya kampani, fomu nzuri, na mwishoni namba ya kutumia feza ya "dossier". Kampani nyingi zinaandika ku saiti zao kwamba hazipokei feza ya mutu ili aingie ku kazi. Uangalie adresi yenyewe juu ya ukurasa, si logo. Logo inakopiwa kwa sekunde. Adresi ya kweli mara nyingi iko fupi. Ile ya uongo inaongeza neno, ao inakaa ku saiti ya bure. Na uangalie kama juu kumeandikwa "Sponsorisé". Mutu aliyelipa ili umuone wa kwanza, uulize anataka kupata nini kwako.

Njo maana koperative ya kweli isipokuwa na ukurasa, inamuachia mwongo nafasi ya kuuandika kwa jina lake.

Nani anasema juu yetu

Andika mu Google "cobalt Congo". Mara nyingi utaona magazeti ya Ulaya na ya Marekani, mashirika yenye ripoti, kampani zenye kusema ziko safi, na picha za batoto mu udongo. Mingi iko kweli. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 ilifungua macho ya watu. Mu Desemba 2019 familia za hapa Kongo zilishitaki mu tribunali ya Washington kampani tano, Apple, Dell, Microsoft, Tesla na Alphabet, ambaye ni mama ya Google yenyewe, juu ya batoto waliokufa ao kuumia mu mashimo ya kobalti. Mu Machi 2024 majaji wa rufaa waliikataa kesi. Ukitafuta habari hiyo, Google inakupa bila shida. Kwa hilo hatuwezi kuilaumu.

Lakini mu kurasa zile zote, muchimbaji iko mutu anayepigwa picha. Haiko mutu anayeandika. Hakuna anayemukataza; ni viunganisho njo vinakosa. Google inapima mingi kwa kuangalia nani anakutaja, na kutajwa na saiti inayoheshimiwa kunapita anuere elfu moja za bure. Basi tunauliza mambo mawili yanayowezekana hapa hapa. SAEMAPE na Divizio ya migodi, zinapoandika liste ya koperative zenye agrema, ziweke mahali pa adresi ya saiti, na liste ile iwe ku intaneti kwa maandishi, si picha ya karatasi. Na univerisite yetu, yenye wanafunzi wa enformatike wanaotafuta staje kila mwaka, ipeleke wawili watatu ku koperative. Univerisite iko na saiti ya zamani ambayo Google inaijua vizuri, na kiunganisho kimoja kutoka kule kinaweza kufanya kazi ambayo dola 150 haikufanya.

Koperative nazo zijue kwamba jina la intaneti linalipwa kila mwaka. Tumeona saiti za proje zilizofungwa siku proje iliisha, na jina likakamatwa na wachezesha kamari. Feza ya kulipa hiyo njo inapashwa kuwa mu bajeti, na mutu wa kuikumbuka awe na jina.

Siku tisa kisha ile siku ya posho, trezorie alitutumia picha ya telefone yake. Jina la koperative, lote, mustari wa pili. Timu ya mupira bado iko juu. Aliongeza neno moja chini ya picha: mutu wa resu amepiga telefone asubuhi, anapongeza, anasema sasa imebaki malipo ya mwaka wa pili.